Jamani, kulia siyo kuigiza (na uongo mwingine kuhusu waigizaji wa kike)

Nafundisha uigizaji, wa jukwaani na wa kwenye kamera, na wengi wanaokuja kwangu ni wadada wanaotaka kuifanya hii kazi maisha yao yote. Sasa kuna sentensi moja nikiisikia tena nitafunga darasa: "Mwalimu mimi najua kuigiza, naweza kulia muda wowote." Anaisema binti mwenyewe, anaisema mama yake aliyemsindikiza, na chini ya kila filamu kuna mtu kaandika "huyu dada anajua bwana, umeona alivyolia?" Basi leo naanza na hilo na ndo litakula nafasi kubwa, mengine nitayapitia harakaharaka.

Machozi ni maji. Yanatoka kwa kitunguu, yanatoka kwa vumbi, yanatoka ukipiga miayo. Kuweza kuyaita yakaja ni kama kuweza kuchezesha masikio, wapo wanaoweza na wapo wasioweza, na haituambii chochote kuhusu kama mtu anaweza kukaa ndani ya mhusika saa mbili bila kuchomoka. Nimeshakutana na wanaolia kabla hata sijakaa vizuri kwenye kiti, ukiwauliza sasa huyu mama unayemwigiza anataka nini kwa huyu mtu aliyesimama mbele yake, wanabaki kukutolea macho yaliyolowa. Hawajui. Hawajawahi kujiuliza. Skripti wameisoma kutafuta pa kulia tu.

Halafu angalia mtu mwenye uchungu wa kweli. Hahangaiki machozi yatoke, anahangaika yasitoke. Anakaza taya, anaangalia juu, anajifanya anatafuta kitu kwenye pochi, anaongea sentensi fupifupi kwa sababu anajua akirefusha sauti itamsaliti. Hapo ndo mtazamaji anapoumia, anapomwona mtu anajizuia na anaona kabisa kwamba muda si mrefu atashindwa. Ukimwaga yote dakika ya kwanza umemnyang'anya mtazamaji kazi yake, atakaa akuangalie unavyolia mpaka umalize, na pengine atacheki simu.

Darasani nina zoezi la barua. Dada kaandikiwa na mumewe kwamba harudi tena. Mara ya kwanza wote wanafanya vilevile, barua inafunguliwa, mkono unaenda kifuani, mabega yanapanda, kilio. Basi nachukua kikapu cha nguo nampa, namwambia barua umeshaisoma asubuhi, iko mfukoni, mtoto yuko chumba cha pili na hatakiwi kujua, kunja nguo na useme maneno yaleyale. Kuna mmoja alikunja vizuri kabisa nguo mbili za kwanza, ya tatu ikawa shati la huyo mwanaume, akalikunja, akalikunjua, akalilaza tena kwenye goti akawa analinyoosha kola kwa kidole gumba, huku anamuuliza mtoto kama kamaliza homuweki, na sauti imetulia tu. Hakudondosha hata tone. Huko nyuma wenzake ndo wakaanza kupenga kamasi. Nikamwambia rudia, akarudia, ikatoka tena, na hicho ndicho ninachokitafuta mimi, kitu unachoweza kukirudia.

Maana kurudia ndo kazi yenyewe. Tamthilia za Broadway kule New York na West End kule London kwa kawaida zinaoneshwa mara 8 kwa wiki, siku nyingine mchana na usiku, na ikipendwa inaenda miezi na miezi. Sasa wewe umejipanga kila usiku ukifika pale pa kulia unamkumbuka bibi yako marehemu. Wiki ya kwanza bibi atakuja. Wiki ya tatu hafanyi kazi tena, umeshamchakaza, na sasa huna machozi ya jukwaani na kumbukumbu ya bibi umeichafua. Wanafunzi wakibanwa hapo wanajificha nyuma ya Stanislavski, yule mwalimu wa uigizaji wa Kirusi, eti ndo alivyofundisha. Ni kweli alifundisha kutumia kumbukumbu za hisia, yaani kukumbuka jambo lako mwenyewe lililokuumiza, lakini miaka yake ya mwisho mkazo aliuhamishia kwenye vitendo, mwigizaji anafanya nini na kwa nini, hisia zitafuata zenyewe zikitaka, na hiyo nusu ya pili hakuna anayeinukuu. Huko nyuma zaidi, karne ya 18, mwandishi Mfaransa Diderot alidai kwamba mwigizaji mkubwa kabisa hahisi kitu, kichwa chake kimepoa muda wote. Mimi siendi mbali hivyo, ila kati ya Diderot na binti anayefukua makaburi ya ukoo mzima ili apate machozi ya odisheni (usaili wa waigizaji), nachagua Diderot, na darasani kwangu kufukua makaburi ni marufuku.

Na kulia kweli kunaharibu vifaa vya kazi. Koo linakaza, pumzi inakatikakatika, pua inajaa kwa sababu machozi yana mfereji wake wa kushukia puani. Maneno yanageuka uji. Mtu wa safu ya 20 hilo chozi lako haoni, yeye anaona mgongo wako, anaona umesimama vipi, na anataka kusikia neno. Ukimnyima neno umemnyima kila kitu.

Kwenye kamera ndo kabisa. Watu wanadhani dairekta anasema anza, dada analia, wanapiga makofi, wanaenda nyumbani. Sini moja inarudiwa kutoka pembe hii na ile, mara nyingi wanaanza na picha ya mbali, wanaenda kwa mwenzako, klozapu yako, picha ya uso kwa karibu, inakuja baadaye kabisa watu wameshachoka na jua linawakimbia. Kama machozi yote uliyamaliza kwenye picha ya mbali ambako sura yako ni saizi ya kidole, kwenye klozapu umekauka. Na mtu wa kontinyuiti, anayehakikisha sini inafanana kila ikirudiwa, kaandika kwamba chozi lilishuka jicho la kushoto kwenye neno "mama", kwa hiyo teki (marudio) zinazofuata lazima liendane, vinginevyo mhariri atakulaani. Ndiyo maana watu wa mekapu wana kijiti cha mentholi cha kupaka chini ya jicho na wana matone ya glisarini, na wanavitumia kwa waigizaji wakubwa tu, siyo aibu wala siyo kudanganya. (Msinielewe vibaya mkaenda kupaka dawa ya kuchua ndani ya jicho. Ni chini ya jicho, kidogo, na ni dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nimeshapokea mtu kwenye mazoezi haoni mlango.)

Halafu mhariri naye ana mkono wake. Kama miaka 100 iliyopita Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, alichukua picha ileile ya uso wa mwigizaji, uso hauna chochote, akaiunganisha na sahani ya supu, kisha na jeneza, na watazamaji wakaona njaa, wakaona majonzi. Uso haukubadilika hata kidogo. Huzuni waliileta wao wenyewe kichwani.

Najua mtasema mbona Viola Davis, yule mwigizaji Mmarekani, analia mpaka kamasi na kapewa sifa zote. Haya, rudini mkaangalie filamu ya Doubt ya 2008. Anaonekana dakika kama 8 tu, mbele ya Meryl Streep, na machozi yanashuka, kamasi zinashuka, lakini muda wote yule mama anapambania kitu kimoja, mwanae amalize mwaka wa shule pale afaulu aende mbele. Anaomba, anabishana, anakubali aibu, yote kwa ajili ya hiyo miezi michache. Machozi yanamkuta yuko kazini. Ukiyatoa hayo machozi sini bado imesimama, jaribu kuyatoa kwenye kilio chako cha odisheni tuone kinabaki nini. Kwa hizo dakika alipata uteuzi wa Oscar.

Na hapohapo namalizana na la pili, "nimepewa sehemu ndogo, wananidharau." Mwingereza Judi Dench alichukua Oscar ya 1999 kwa kumwigiza Malkia Elizabeth wa Kwanza, na yeye pia yuko kwenye filamu dakika chache tu. Ukipewa mistari mitatu jua ni nani huyo mtu, katoka wapi, na ana haraka gani. Basi. Anayekuja kunilalamikia ukubwa wa sehemu huwa simjibu.

Linalofuata ni hili la jukwaa kuwa ngazi, unapanda ukifika kwenye filamu unaipiga teke. Hawa nao wananichosha ila kidogo. Davis huyohuyo alicheza mhusika mmoja, Rose wa tamthilia ya Fences, Broadway mwaka 2010 usiku baada ya usiku akapata Tony, tuzo ya jukwaa la Broadway, kisha akamcheza tena kwenye filamu ya 2016 akapata Oscar. Alipofika mbele ya kamera yule mwanamke alikuwa anamjua kuliko majirani zake. Vitu vinavyobadilika ni ukubwa, jukwaani unaongea ufike mlangoni, kwenye kamera unaongea ufike kwa mtu mliyekaa naye meza moja, na macho unayatuliza maana kwenye skrini kubwa kope ikipiga ni tukio. Ufundi wa ndani ni uleule. Mwanafunzi wa kamera asiyetaka kugusa jukwaa namtambua kwa pumzi, anaishiwa hewa katikati ya sentensi halafu anaita hiyo hisia.

"Lupita aliibuka tu." Lupita Nyong'o wa Kenya huyo. Aliibuka wapi? Akiwa na miaka 14 alishaigiza Juliet jukwaani Nairobi na kundi la Phoenix Players. Akasoma Marekani, akafanya kazi nyuma ya kamera kwenye filamu za wengine, akaongoza filamu yake ya hali halisi kuhusu watu wenye ualbino Kenya, iliyotoka 2009, akaonekana kwenye tamthilia ya televisheni ya Shuga, akaenda chuo kikuu cha Yale kusomea uigizaji mpaka 2012. Hapo ndo dunia inamwona kwenye filamu ya 12 Years a Slave mwaka 2013 na Oscar mwaka 2014, na watu wanasema kaibuka. Kinachonifurahisha mimi zaidi ni alichofanya baadaye. Akiwa mwanafunzi Yale alikuwa mwigizaji wa akiba kwenye Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake kwenye vita vya Liberia, yaani unajifunza sehemu nzima na pengine usiitwe hata siku moja. Akishapata Oscar, wakati angeweza kuchagua filamu yoyote, akaichukua tamthilia hiyohiyo akaicheza New York mpaka Broadway mwaka 2016, akateuliwa Tony. Wasichana wangu wakiambiwa wewe ni wa akiba wananuna siku tatu.

La umri, kwamba mwanamke akikaribia miaka 40 kazi "imeisha", sitalikataa lote. Ni kweli wanawake sehemu zinapungua wakikaribia miaka 40, na mwanaume wa umri huohuo ndo kwanza anapewa mke wa miaka 25 kwenye filamu, huo ni upuuzi wa wenye kuandika na wenye kutoa hela na hausemi chochote kuhusu uwezo. Uongo ni ile "imeisha". Judi Dench alianza jukwaani 1957, na alipotokea mara ya kwanza kama M, bosi wa jasusi James Bond kwenye zile filamu, mwaka 1995 alikuwa na miaka 60, uteuzi wake wote wa Oscar ukamjia baada ya hapo. Mmarekani Cicely Tyson alichukua Tony mwaka 2013 akiwa na miaka 88. Mfaransa Sarah Bernhardt alikatwa mguu 1915 akiwa na miaka 70 akaendelea kupanda jukwaani, akiwa amekaa, amebebwa, vyovyote. Sauti ndo ilikuwa imebaki na sauti ilitosha. Kwa hiyo tunza sauti, acha kupiga kelele kwenye mapati halafu kesho yake unakuja mazoezini sauti imekauka.

Kuhusu wanaomtukana dada mtandaoni kwa sababu kacheza mwizi wa waume za watu: hiyo ni kazi, kalipwa, karudi nyumbani kulala. Wanaocheza wauaji mbona hamwaitii polisi?

Na hela. Sura kuwa kwenye bango haimaanishi akaunti imejaa. Filamu nyingi unalipwa mara moja inaisha hapo, hata irudiwe mwaka mzima kwenye televisheni, isipokuwa mkataba useme vingine, kwa hiyo soma mkataba au mtafute anayejua kuusoma kabla hujasaini. Sehemu kubwa ya maisha ya mwigizaji ni kutafuta kazi inayofuata, odisheni baada ya odisheni na hakuna anayekupigia kukwambia umekosa, simu tu hailii. Kuwa na shughuli ya pembeni siyo kushindwa, wengi wanayo na hawaisemi.

La mwisho, "mnawezaje kukariri maneno yote yale?" Hilo ndo swali la kila mtu, na ndo sehemu rahisi kuliko zote. Karirini kwa sauti bapa, bila tuni, bila hisia, mnaosha vyombo, mnatembea, mpaka mdomo uyajue wenyewe. Ukikariri na tuni yake, dairekta akikwambia sasa sema hilo kwa kucheka, huwezi, maneno yameshagandia kwenye kilio. Na mnaokuja odisheni kwangu mwezi huu, leteni kipande chochote ambacho hakuna anayelia ndani yake.