Je, wajua kwa nini mtaalamu wa eksirei hutoka chumbani na kukuacha wewe?

Ukienda kupigwa eksirei ya kifua pale Moshi, iwe Mawenzi au KCMC, mambo huwa ya haraka. Vua shati, toa mkufu, bandika kifua kwenye ubao, mikono kiunoni, viwiko mbele. Kisha mtaalamu anajiondokea, sauti yake inatokea nyuma ya kioo: "Vuta pumzi, bana." Mlio mfupi, umemaliza, vaa. Wengi hutoka pale na swali ambalo hawakuthubutu kuuliza: kama haina madhara, mbona yeye kakimbia?

Tuanze na kiasi chenyewe cha mionzi, ambacho hupimwa kwa milisivati. Picha moja ya kifua kwa kawaida ni milisivati 0.1 au pungufu. Miamba, hewa na miale ya angani humpa binadamu wastani wa milisivati 2.4 kila mwaka bila kukanyaga hospitali, kwa hiyo picha hiyo haizidi sana wiki mbili za kuishi tu hapa duniani. Na mionzi hiyo ya asili haiko sawa kila mahali. Mpagazi aliyeko juu Kilimanjaro hupigwa na miale ya angani zaidi ya mwenzake anayeuza ndizi sokoni Mbuyuni, na fosfeti ya Minjingu, kwenye njia ya Arusha kwenda Babati, ina urani ndani yake.

Wewe basi unapigwa moja, pengine hurudi tena mwaka mzima. Yeye yuko pale tangu asubuhi, mgonjwa baada ya mgonjwa, na kesho vivyo hivyo hadi astaafu. Tena wewe unaondoka na jibu la kikohozi chako. Yeye picha yako haimponyi chochote.

Cha ajabu ni kwamba kinachomkimbiza zaidi ni wewe. Mashine imeelekezwa kwako, si kwake, lakini mionzi ikigonga mwili wako sehemu yake hutawanyika pande zote, kama matone ya mvua yanavyoruka yakigonga bati. Umbali husaidia sana hapo: ukiuongeza maradufu, inayokufikia hushuka hadi karibu robo. Ongeza ukuta mnene, mlango wenye bamba la risasi (ile metali nzito, si ya bunduki) na kioo chenye risasi, inakuwa karibu hakuna. Akiachia kitufe, mionzi imekwisha. Haibaki chumbani, wala kwenye shuka, wala mwilini mwako, kwa hiyo mjukuu akikurukia mlangoni hapati kitu. (Nazungumzia eksirei na CT-scan. Vipimo vya kuchomwa dawa yenye mionzi vina masharti yake.)

Waanzilishi hawakuyajua haya. Mwanafizikia Mjerumani Röntgen aligundua miale hiyo mwaka 1895, na watu wakaichezea kwa mikono mitupu. Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Mmarekani Thomas Edison, alikatwa mikono kwa majeraha ya mionzi kabla ya kufariki mwaka 1904.

Leo mtazame mtaalamu kifuani: utaona kibeji kidogo cha plastiki. Ndani yake mna fuwele, mara nyingi za lithiamu floraidi, ambazo hutunza sehemu ya nishati ya mionzi inayozipiga. Zikipelekwa maabara na kupashwa moto hutoa mwanga, na wingi wa mwanga ndio wingi wa dozi. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, yenye maabara zake Njiro, Arusha, ndiyo inayotoa huduma hiyo ya kupima wafanyakazi. Viwango vya kimataifa vinasema mfanyakazi asizidi wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, na mtu wa kawaida 1. Kwa lenzi ya jicho la mfanyakazi kiwango kilikuwa 150. Mwaka 2011 tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi ilipendekeza kishushwe hadi 20, baada ya kuonekana kwamba mtoto wa jicho hutokea kwa dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Hilo linawagusa hasa madaktari wanaozibua mishipa huku mashine inawaka. Wao hawawezi kutoka, kwa hiyo huvaa aproni za risasi na miwani maalumu.

Na mgonjwa je, kikomo chake ni kipi? Hana. Hakuna namba iliyowekwa, kwa sababu picha inayookoa maisha haiwezi kukatazwa kwa kuwa "umefikisha". Kinachomlinda ni sababu ya kuipiga. Ndiyo maana wasiwasi wa wataalamu umehamia kwenye CT-scan, ambayo ya tumbo moja tu inaweza kufika milisivati 7 hadi 10. Programu za kompyuta sasa husafisha picha iliyopigwa kwa mionzi kidogo, na hilo ni jambo jema, ila haziwezi kuitetea picha ambayo haikuhitajika. Ukipewa rufaa, beba filamu au CD ya kwanza, usije ukarudishwa kwenye mashine bure. Na kama una mimba, au unahisi tu, sema kabla ya kuvua.

Hata kile kipande cha risasi walichozoea kumfunika mgonjwa sehemu za siri kimeanza kuachwa. Chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilishauri hivyo mwaka 2019: huweza kuziba kinachotafutwa hadi picha irudiwe, na kikiingia mbele ya kihisio, mashine huongeza mionzi yenyewe.

Kwenye eksirei ya kawaida, mtu mmoja tu huruhusiwa kubaki ndani na mgonjwa, na kwa kawaida si mfanyakazi: mzazi anayemshika mtoto asiyetulia. Huyo huvishwa aproni na kuambiwa asimame pembeni ya njia ya mionzi. Mama akiwa mjamzito, aitwe baba au shangazi.