Kompyuta Imekagua, Lakini Bado Si Uthibitisho

Ukisubiri matatu ya Ahero ijae pale steji ya Kisumu, soma tarakimu tatu za nambari ya gari lililo mbele yako. Kama ni shufwa, igawe kwa mbili. Kama ni witiri, izidishe kwa tatu uongeze moja. Endelea hivyo hivyo. Ukianza na 6 utapata 3, 10, 5, 16, 8, 4, 2, 1. Gari la 871 litakumalizia karatasi: hatua 178, na njiani hesabu inapanda hadi 190,996 kabla ya kuteremka hadi 1. Chini ya elfu moja hakuna nambari yenye safari ndefu kuliko hiyo. Je, kila nambari huishia kwenye 1? Hilo ndilo swali la Collatz, na halijajibiwa.

Dhana inayosikika sana kwa vijana wa kidato cha nne ni kwamba kompyuta zimeshakagua mabilioni ya mabilioni ya nambari, kwa hiyo limekwisha. Halijakwisha. Mwaka 1919 mwanahisabati George Pólya alikisia hivi: hesabu nambari zote toka 1 hadi kikomo chochote kuanzia 2, utakuta zile zenye idadi shufwa ya vigawo tasa haziwazidi wenzao wenye idadi witiri (tasa ni nambari kubwa kuliko 1 isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe; 12 ina vigawo tasa vitatu: 2, 2 na 3). Ukijaribu kwa mkono, dai linasimama. Ukijaribu hadi milioni mia tisa, bado linasimama. Kisha linaanguka kwenye 906,150,257. Nani angekuwa na subira ya kufika huko? Ndiyo maana dai la Goldbach la 1742, kwamba kila shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya nambari tasa mbili, limekaguliwa hadi milioni milioni milioni 4 na bado linaitwa dai tu.

Dhana nyingine potofu hutoka kwenye hoja ya Euclid, Mgiriki wa kale, kwamba nambari tasa hazina mwisho. Wengi hukumbuka nusu: zidisha nambari tasa za mwanzo, ongeza moja, upate nambari tasa mpya. Hebu tujaribu. 2×3×5×7×11×13 ni 30,030. Ongeza moja, 30,031. Hiyo ni 59×509, si tasa hata kidogo. Euclid alichosema ni kwamba vigawo vyake tasa havimo kwenye orodha uliyoanza nayo, na kweli 59 haimo.

Kuhusu fedha, wanaoota utajiri wapoze roho. Taasisi ya hisabati ya Clay ilitangaza mwaka 2000 orodha ya maswali yenye zawadi ya dola milioni moja kila moja, na dai la Riemann, linalohusu jinsi nambari tasa zinavyosambaa, limo. Goldbach na Collatz hawamo kwenye orodha hiyo. Wala si lazima uwe profesa mashuhuri ili upige hatua kwenye maswali kama haya: Yitang Zhang alikuwa mhadhiri asiyejulikana huko New Hampshire alipothibitisha, mwaka 2013, kwamba jozi za nambari tasa zinazopishana kwa chini ya milioni 70 hazina mwisho. Wenzake wameshaishusha hadi 246. Inayotafutwa ni 2.