73–0: mpangilio wa T haukubuniwa siku ile

Tarehe 8 Desemba 1940, katika uwanja wa Griffith, Chicago Bears waliifunga Washington 73–0 kwenye fainali ya ligi ya NFL, futiboli ya Kimarekani. Tangu hapo husemwa kwamba Bears walizindua silaha mpya, mpangilio wa T (namna ya kuwapanga wachezaji wanaoshambulia), na wapinzani hawakujua waufanye nini.

Sivyo. Bears, timu ya George Halas, waliucheza tangu miaka ya 1920, na kocha Ralph Jones aliuboresha kuanzia 1930. Tena wiki tatu tu kabla ya fainali, tarehe 17 Novemba, Bears walicheza T hiyohiyo dhidi ya Washington wakafungwa 7–3.

Katika T, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) husimama karibu kabisa nyuma ya senta (anayeanzisha mchezo kwa kutoa mpira) na kupokea mpira mkononi; wakimbiaji watatu hujipanga nyuma yake. Jipya lilikuwa kwenye marekebisho, ambayo kocha Clark Shaughnessy alisaidia kuyapika: mkimbiaji mmoja huanza kukimbia pembeni kabla mpira haujatolewa, walinzi wakimfuata, mpira unapelekwa upande wa pili. Katika jaribio la pili tu la Bears kwenye fainali hiyo, Bill Osmanski alikimbia yadi 68 akafunga.

Lakini mpangilio peke yake hauelezi 73. Kufikia mapumziko ilikuwa 28–0, hivyo Washington walilazimika kurusha pasi ndefu za kukimbizana na matokeo. Bears walinasa nane. Tatu kati yake, zote katika robo ya tatu, zilirudishwa moja kwa moja hadi golini.