Breki ya nyuma haishiki: dhana potofu zinazofanya watu wanunue spea bure

Breki ya nyuma ya pikipiki ikigoma wengi wanakimbilia spea, na mara nyingi wanayonunua sio iliyokufa. Kabla hujatoa hela kanyaga pedali kwanza, usikie inasemaje mguuni, maana hapo ndipo utajua tatizo liko upande gani.

"Haishiki? Kaza ile nati ya nyuma"

Hii ni ya breki za dramu (ngoma ya gurudumu) zinazovutwa na fimbo, na kweli inasaidia brekishuu, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani, zikiwa bado nene. Ila nati inaondoa ulegevu tu, yani pedali icheze kama milimita 20 mpaka 30 kabla haijaanza kushika, haiwezi kurudisha kilicholika. Chungulia pale mkono wa breki unapoingia kwenye sahani (kifuniko cha dramu), pikipiki nyingi zina mshale mdogo na alama: kanyaga mpaka mwisho alafu angalia, mshale ukigusa alama brekishuu zimeisha, acha kukaza. Ukilazimisha, kamu ya ndani (inayotanua brekishuu) inazidi kujipindua, nguvu ya mguu inapotea njiani, na inaweza hata kukwama isirudi tairi likabaki limeshikwa. Kuna wanaochomoa mkono wakaurudisha jino moja nyuma ili wapate nafasi ya kukaza tena, huko ni kuficha ugonjwa jamani.

Na ukiweka brekishuu mpya bado ikawa dhaifu, kagua dramu yenyewe. Ndani imeandikwa MAX na kipimo, kwa mfano dramu ya milimita 110 kikomo chake mara nyingi ni 111. Ikishapanuka kuliko hapo, brekishuu mpya zinagusa sehemu ndogo tu na hata ukanyage vipi hazishiki inavyotakiwa.

"Pedali imelegea, basi pedi zimeisha"

Hapa tumeshahamia breki ya diski, ile ambayo oili inasukuma pedi zibane bamba la chuma, na hii ndiyo dhana inayokula hela za watu kuliko zote. Pedi zikilika pistoni za kalipa (kifaa kinachoshika pedi) zinasogea zenyewe kuzifuata, kwahiyo kinachoshuka ni oili ya breki kwenye kikombe chake, pedali inabaki palepale. Pedali ikiwa laini, ikanyage harakaharaka mara kadhaa: ikipanda na kukaza, mara nyingi kuna hewa ndani. Sasa ishikilie kwa nguvu ileile bila kuachia, ikianza kuzama taratibu na huoni oili inavuja popote nje, sili (mipira) za masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, zinapitisha oili kwa ndani. Ila kama pedali ni ngumu kabisa na pikipiki bado inateleza tu, oili haina kosa, nenda kwenye pedi (zimeingia mafuta au zimekuwa kioo, yani uso umekuwa mgumu na unang'aa) au pistoni na pini za kalipa zimeganda.

Kutoa hewa kwenyewe ni kazi ya subira. Chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nipo ya kalipa (kile kinati cha kutolea hewa), ncha nyingine izame kwenye chupa yenye oili kidogo. Kanyaga, shikilia, fungua nipo robo mzunguko, funga, ndio uachie pedali, ukiachia kabla hujafunga hewa inavutwa upya na umerudi mwanzo, na kikombe usikiache kikauke hata mara moja. Kitu ambacho wengi hawakiangalii ni nipo imeelekea wapi, kwa sababu hewa inakaa juu siku zote. Kama kalipa imefungwa nipo ikiwa chini utatoa oili mpaka uchoke na pedali ibaki laini. Ivue, weka kipande cha ubao katikati ya pedi ili pistoni zisichomoke, iinue nipo iwe juu kabisa, utaona mapovu yanavyotoka.

"Oili ni oili"

Hapana. Oili ya injini inavimbisha mipira ya breki na mfumo mzima unaharibika. Soma mfuniko wa kikombe. DOT ni daraja la oili ya breki: DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni familia moja, DOT 5 ni silikoni na haichanganywi na hizo.

"Taa ya breki inawaka, breki ipo"

Swichi ya taa ya nyuma kwenye pikipiki nyingi inavutwa na pedali yenyewe. Breki inaweza kuwa imekufa kabisa na taa ikawaka vizuri tu.

"Pedi zimeingia mafuta, piga msasa"

Msasa unasaidia pedi iliyokuwa kioo. Iliyonyonya mafuta itupe, ikipata joto mafuta yanarudi juu. Alafu tafuta yalikotoka kabla hujafunga mpya: oili ya cheni, grisi ya beringi, au kalipa inayovuja.

"Ilipotea njiani, ilipopoa ikarudi, imepona"

Haijapona bana. Oili imechemka, ikawa mvuke, na mvuke unabanika. DOT 4 mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu kiwango kinashuka hadi 155, ndio maana inabadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Uliza pia joto limetoka wapi. Kuna anayeendesha mguu umelala juu ya pedali, na kuna fundi aliyerefusha kifimbo kinachosukuma masta silinda ili pedali ipande, kumbe pistoni hairudi mwisho, kitundu cha kurudishia oili kinabaki kimezibwa na breki inajishika yenyewe kadiri inavyopata moto. Lazima kifimbo kicheze kidogo. Nyanyua tairi lizungushe kwa mkono, ukiliachia tu likasimama, anzia hapo.

"Tairi likirudishwa kaza ekseli, umemaliza"

Kwenye dramu kuna ule mkono unaozuia sahani ya breki isizunguke, umefungwa kwenye swingamu (ile mikono ya fremu inayoshika tairi la nyuma). Ukisahaulika, kanyago la kwanza sahani inazunguka na tairi, inakata fimbo na inaweza kufunga tairi ukiwa kwenye mwendo. Nati yake kwa kawaida ina pini ya kuilinda isifunguke, pini kama haipo pikipiki isitoke hapo ilipo.