Ukilipia jina bado hujanunua websaiti

Kuna kitu nakisikia sana kwa wenye maduka hapa Arusha, na wenye kampuni ndogo za kupandisha wageni mlimani kule Moshi nao hivyo hivyo, eti "mimi websaiti nishanunua, nilimlipa yule kijana mwaka jana, imeisha hiyo". Hapana jamani, haijaisha. Inawezekana ulilipia domeini tu, yaani jina, lile linaloishia na .co.tz au .com, na hata hilo hulinunui moja kwa moja, unalikodi kwa mwaka au miaka kadhaa, usipolipia tena linafungwa na baadae mtu mwingine anaweza kulisajili kihalali kabisa.

Hostingi ni kitu kingine. Chukulia fremu pale Soko Kuu, kibao cha juu ndo domeini, fremu yenyewe ndo hostingi, nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayowaka saa 24, na picha zako na bei zako zinakaa humo, nayo ina kodi yake. Fremu ikikuchosha unahama, kibao unaondoka nacho.

Ila kibao kiwe chako! Hapa ndo panaponiuma, nimekuta domeini imesajiliwa kwa jina na imeili ya fundi, akibadilisha namba au mkikosana taarifa za malipo zinaenda kwake, jina linafungwa, we unashtukia tu imeili za wageni hazifiki, tena Julai, msimu wenyewe. Muulize leo imesajiliwa kwa jina la nani na inaisha lini. Majina ya .tz yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, nao wana sehemu ya kutafuta jina mtandaoni, ingia uangalie mwenyewe.