Je, wajua kwa nini mpira wa bolingi wa kilo 6 unaweza kuwa mwepesi mkononi kuliko wa kilo 4?

Watu wengi wa Kisumu, Nakuru ama Kakamega hukutana na bolingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito uangushe pini zilizosimamishwa mwisho wa njia, siku ofisi imewapeleka Nairobi, pale Village Market kwa mfano, na ushauri wa kwanza anayeanza hupewa na wenzake ni ule ule: mkono ukikulemea chukua mpira mwepesi. Ushauri unasikika poa kabisa, lakini mara nyingi ndio unaharibu mambo zaidi, ju kinachochosha mkono wa mtu mzima si uzito peke yake, ni tundu, yaani yale matatu ya mpira ambayo unaingiza gumba na vidole viwili.

Hebu tuangalie uzito wenyewe kwanza. Sheria za mchezo zinaruhusu mpira hadi pauni 16, yaani kilo 7.26, na ya watoto inashuka mpaka kama pauni 6. Lakini ukiiangalia ikiwa imepangwa pale, yote iko saizi moja, upana wa karibu sentimita 21.6, iwe mizito ama miepesi. Kinachobadilika ni vile imetobolewa. Mipira ya kukodisha ile miepesi kwa kawaida hupewa tundu nyembamba zilizokaribiana, maana inatarajiwa kubebwa na mtoto, na ile mizito inapewa tundu pana zilizoachana. Sasa mtu mzima mwenye vidole vya kushika jembe akikimbilia ule wa kilo 4, kidole gumba kinaingia nusu tu, vidole vingine vinajikunja vibaya, na anajikuta anaubana mpira kwa nguvu zote usimponyoke. Kwa mizani ni mwepesi, kwa mkono ni mzito.

Kuna pia ile kanuni inazunguka eti chukua mpira wa asilimia 10 ya uzito wako. Ni ya makadirio tu, na inakwama haraka: yeyote anayezidi kilo 72 na kitu tayari ameambiwa abebe mpira ambao sheria hairuhusu. Uzito una maana yake, hasa kwa mtoto ama mtu mwenye shida ya bega, mimi sisemi kila mtu abebe mzito. Nasema usiulize uzito kabla hujauliza tundu.

Sasa tundu linaharibu swingi namna gani? Swingi nzuri ya bolingi mkono haurushi, unaning'inia tu kutoka begani, unaenda nyuma, unashuka wenyewe. Na kitu kinachoning'inia hakijali uzito. Kikishuka kutoka urefu wa mita 1 kinafika chini na mwendo wa kama mita 4.4 kwa sekunde, karibu kilomita 16 kwa saa, kiwe cha kilo 4 ama 7. Hiyo spidi ni ya bure kutoka kwa mvutano wa dunia, hata kabla hujaongeza ya hatua zako.

Chukua ndoo yenye lita 7 za maji, hiyo ni kilo 7, karibu sawa na mpira mzito kabisa. Ikiwa na mshikio mzuri unaibeba kutoka mferejini mkono ukiwa umelegea, vidole vimefanya tu ndoano, na ukitembea ndoo inabembea yenyewe mbele na nyuma. Mshikio ukikatika ukaanza kuishika kwa ukingo, maji ni yale yale, ndoo ni ile ile, lakini sasa unabana, mkono wote unakaza mpaka begani, mabega yanapanda na ndoo haibembei tena, unaikokota. Mpira wenye tundu lisilokutosha ndio ndoo iliyokatika mshikio. Misuli inayokunja vidole imelala kati ya kiwiko na kiganja, kunja ngumi kwa nguvu uguse hapo usikie vile pamekuwa pagumu, alafu ujaribu kubembeza mkono ngumi ikiwa imekazwa hivo, utaona swingi imekuwa fupi na inataka kupinda kiwiko.

Na kupinda kidogo kunatosha. Kutoka mstari wa kurushia mpaka pini ya mbele ni mita 18.29. Mpira ukitoka mkononi umekosea digrii 1 tu, ukifika kule umehama kama sentimita 32, na njia yote ina upana wa karibu sentimita 105. Digrii 1! Mtu anasahihishwa miguu, anasahihishwa macho, na kumbe mkono unavutwa kando na kidole gumba kinachoogopa kuachilia.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Mpira ukiwa bado umekaa mahali pake, usiuinue juu ya vidole vya miguu, ingiza gumba lote mpaka chini, alafu ulaze kidole cha kati na cha pete juu ya tundu zao bila kuingiza. Mkunjo wa kiungo cha pili uupite ukingo wa tundu ulio upande wa gumba kwa kama robo inchi. Gumba liguse pande zote kidogo na liweze kuzunguka bila kukwaruzwa. Likilia po! likitoka, limebanwa.

Anayecheza kila wiki anatobolewa wake, na hapo fundi hapimi upana na umbali tu, anachagua hata tundu liinamie wapi, ju gumba linafaa kutoka kwanza na vidole viwili vibaki kitambo kidogo sana kuuzungusha mpira. Na bado gumba lenyewe halikai saizi moja, likipata joto linavimba, kwa hivyo wachezaji huacha tundu likiwa pana kidogo na kubandika vipande vya tepu ndani, wanaongeza gumba likinywea, wanabandua likivimba, katikati ya mchezo.