Mwili Chini ya Maji: Maswali na Majibu kwa Anayeanza Kupiga Mbizi kwa Mtungi

Katika vijiji vya kaskazini mwa Unguja kama Nungwi, Kendwa na Matemwe, na kisiwani Pemba pande za Misali na Kigomasha, wapo vijana wanaojifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, ama kwa ajili ya kazi ya kuongoza wageni, ama kwa hamu ya kuyaona wenyewe matumbawe ambayo wazee wao wameyavua miaka yote. Maswali haya ni ya aina ambayo mwanafunzi wa siku za mwanzo, au mzazi wake, huwa nayo.

Kwa nini masikio yanauma hata kabla sijafika mbali?

Kwa sababu shinikizo huongezeka kwa uwiano mkubwa zaidi karibu na uso wa bahari. Tukiwa nchi kavu mwili hubeba uzito wa hewa peke yake, unaohesabiwa kuwa angahewa moja, na kila mita 10 za maji ya bahari huongeza angahewa moja nyingine. Anayeshuka kutoka juu hadi mita 10 shinikizo huwa mara mbili, ilhali anayetoka mita 20 kwenda 30 huongezewa theluthi moja tu. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna nafasi ndogo yenye hewa, iliyounganishwa na koo kwa mrija mwembamba ambao kwa kawaida umefumba. Maji yanapoisukuma ngoma kwa nje, na ndani hakuna hewa mpya iliyoingia, ngoma hupinda na maumivu huanza ndani ya mita mbili au tatu za mwanzo.

Dawa yake ni kuziba pua kwa vidole na kupuliza taratibu, au kumeza mate huku pua imezibwa, mpaka usikie masikio yamezibuka. Anza kufanya hivyo ukiwa bado juu ya maji, kisha rudia kila baada ya nusu mita au mita moja bila kusubiri maumivu, kwani mrija uliokwisha kubanwa na shinikizo huwa mgumu kufunguka. Ni afadhali kushuka miguu ikitangulia huku umeishika kamba ya boya. Sikio likikataa, panda mita moja, jaribu tena, na likiendelea kukataa mpe ishara mkufunzi na uache mbizi ya siku hiyo. Kupuliza kwa nguvu ili usiwacheleweshe wenzako kunaweza kupasua ngoma au kuumiza sikio la ndani, na hapo mtu husikia mlio usiokoma, kizunguzungu, au usikivu hupungua. Dalili hizo zinataka daktari siku hiyo hiyo. Usitie mafuta ya nazi wala maji ya kitunguu katika sikio linalouma baada ya mbizi, kwa kuwa ngoma ikiwa imetoboka unapeleka uchafu ndani kabisa.

Nikiwa na mafua kidogo, je, nikimeza dawa ya kuzibua pua naweza kushuka?

Hapana. Dawa inaweza kwisha nguvu ukiwa chini, na hewa iliyoingia ikashindwa kutoka unapopanda. Subiri mafua yaishe.

Mimi ni mvuvi, nimezoea kuzama kwa pumzi yangu mwenyewe tangu utotoni. Mtungi utanitaabisha nini?

Mazoea hayo hukupa utulivu ambao wanafunzi wengi huutafuta kwa muda mrefu, lakini yana jambo moja la hatari ambalo ni lazima uliache nchi kavu, nalo ni kubana pumzi.

Anayezama kwa pumzi yake huondoka juu na pafu lililojaa. Akifika mita 10 hewa ile hubanwa hadi nusu ya ujazo wake, na akirudi juu hupanuka na kuwa kama ilivyokuwa, wala haizidi. Anayetumia mtungi yuko katika hali nyingine kabisa, kwa sababu kifaa cha mdomoni humpa hewa yenye shinikizo sawa na la maji yanayomzunguka. Akivuta pumzi nzima akiwa mita 10, kisha akapanda ameibana, hewa ile itataka nafasi mara mbili ya uwezo wa pafu lake. Pafu haliwezi kuhimili hivyo. Kanuni hii ya hewa na shinikizo iliandikwa na Robert Boyle mwaka 1662, na haimjali bingwa wala mgeni. Hata kupanda kwa takribani mita moja huku pafu limejaa kunaweza kulichana.

Hewa inayovuja kutoka katika pafu lililochanika huweza kujaa kifuani, kuingia chini ya ngozi ya shingo, au kuingia katika damu na kufika kwenye ubongo. Mtu huibuka akiwa na maumivu ya kifua, anatema damu, sauti imebadilika, au anapoteza fahamu dakika chache tu baada ya kutoka majini. Mlaze chali, mpe oksijeni safi ambayo kila boti ya wapiga mbizi inapaswa kuwa nayo, na mpeleke hospitali bila kungoja kuona kama atapata nafuu. Kwa hiyo ukiwa na mtungi, vuta na utoe pumzi muda wote bila kusita, na kifaa kikitoka mdomoni endelea kutoa vipovu kidogo kidogo mpaka ukirudishe.

Mwanangu anajifunza kazi ya kuongoza watalii baharini. Jana alirudi amechoka kupita kiasi, bega na goti vinamuuma na vidole vina ganzi. Nimkande kwa maji ya moto?

Usimkande wala usimchue; mpeleke hospitali sasa, Mnazi Mmoja ukiwa Mjini au Abdalla Mzee ukiwa Mkoani, na la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba kijana alipiga mbizi kwa mtungi, saa ngapi, na kwa kina gani. Bila taarifa hiyo maumivu ya viungo yanaweza kudhaniwa kuwa homa au uchovu wa kawaida.

Hewa tunayovuta ina takribani asilimia 78 ya naitrojeni. Chini ya shinikizo gesi hiyo huyeyuka na kujikusanya katika damu na nyama za mwili, nayo inahitaji muda ili itoke kwa njia ya pumzi. Anayepanda haraka, au anayeshuka mara nyingi kwa siku moja, huifanya igeuke vipovu mwilini. Dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa chache, ingawa zinaweza kuchelewa mpaka siku ya pili: maumivu ya viungo, ganzi, vipele, kizunguzungu, udhaifu wa miguu, hata kushindwa kukojoa. Tiba ni oksijeni safi na kisha chumba maalumu cha shinikizo, na kadiri inavyocheleweshwa ndivyo ulemavu unavyokaribia. Baadhi ya watu hudhani mgonjwa akirudishwa chini ya maji atapona. Kufanya hivyo bila wataalamu na vifaa vyao ni kuhatarisha maisha yake.

Kinga yake ni kupanda polepole, takribani mita 9 kwa dakika, na kusimama kwa dakika tatu penye kina cha mita 5 kabla ya kutoka. Mwanafunzi aliyefuzu kozi ya kwanza haruhusiwi kupita mita 18. Mkondo wa Pemba una kuta zinazoshuka ghafla kwenye kina kirefu mno, na maji yake maangavu humfanya mtu adhani yuko juu kuliko alipo, kwa hiyo tazama kipimo chako cha kina mara kwa mara.

Ninaposhuka moyo hunidunda na nahisi hewa hainitoshi. Je, ni ugonjwa?

Mara nyingi ni hofu. Mwenye hofu huvuta pumzi fupi za harakaharaka, hewa chafu haitoki vya kutosha, na mwili unazidi kudai hewa ingawa mtungi umejaa. Simama, shika kamba au jiwe, toa pumzi ndefu mpaka mwisho, kisha vuta taratibu. Ikiwa hali hiyo hukupata hata nchi kavu, au huambatana na maumivu ya kifua, kapime moyo kwanza.

Je, mwenye saumu anaweza kupiga mbizi?

Upungufu wa maji mwilini huhesabiwa miongoni mwa mambo yanayochangia madhara ya vipovu, na jua la mchana juu ya boti humkausha mtu haraka. Ni bora kuahirisha mafunzo mpaka baada ya Ramadhani.

Nani asipige mbizi kabisa?

Mjamzito, na mwenye kifafa. Wenye pumu, kisukari, maradhi ya moyo au waliopasuliwa kifua wasiamue peke yao, bali waamuliwe na daktari. Fomu ya afya inayojazwa kabla ya kozi haina maana ukiificha pumu yako kwa kuhofia kukosa kazi.

Baada ya kupiga mbizi naweza kupanda ndege?

Subiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Wengi huchagua siku nzima. Angani shinikizo hupungua, na naitrojeni iliyobaki inaweza kutoa vipovu. Kupanda mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895 kuna hatari ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo mgeni anayetaka vyote viwili ashauriwe kutangulia mlimani. Anayetoka Mkoani kwenda Unguja kwa boti hana la kusubiri.